Mkono Uliomfunua Jelagat

Jelagat wa Lanet aliwahi kumzika shangazi mmoja mara tatu. Mara ya kwanza shangazi huyo alikufa kwa presha. Mara ya pili aligongwa na pikipiki pale Njoro. Mara ya tatu, Jelagat akiwa amezisahau zile mbili, akamuua kwa homa ya mapafu. Marehemu hakulalamika hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa.

Kila Desemba ilikuwa hivyo. Wakwe zake wa Keringet walipopiga simu kumwita kwenye sherehe ya kuwatoa wasichana, Jelagat alikuwa na matanga, au mafua, au ng'ombe wake alikuwa anazaa. Huyo ng'ombe, kama angezaa ndama wote aliosingiziwa, Lanet ingejaa mpaka kambi ya jeshi na wanajeshi wangetafuta kwingine pa kulala. Mumewe, Kiprugut, mpishi wa hiyo kambi, ni mtu mpole anayeogopa maswali kuliko risasi. Alikuwa akisema tu, "Mwambie mama hujisikii vizuri," kisha anavaa viatu na kwenda kazini.

Lakini Desemba iliyopita haikuwa na kichaka cha kujificha. Aliyekuwa anaingia ndani safari hii ni Abby, binti yake mwenyewe, wa miaka kumi na mitatu.

Siku hizi kule Keringet wasichana hukaa ndani wiki moja, kwenye ukumbi wa kanisa, bila kisu. Kisu serikali imekikataza, na akina mama waliowahi kuona msichana akivuja damu hadi akawa mweupe kama unga hawakungoja serikali iwaambie mara mbili. Kingine chote kimebaki. Msichana hufunikwa kofia ya ngozi inayoficha uso, yenye matundu mawili ya macho. Hafanyi mazungumzo na mtu wa nje. Hufundishwa yale ya kufundishwa. Na siku ya kutoka, mwanamke mmoja humvua ile ngozi mbele ya watu wote, akamwambia maneno yake mwenyewe, akampaka siagi kichwani. Hapo ndipo msichana anakuwa mtu mzima. Mwanamke aliyemfunua atakuwa wake maisha yote: atamketisha siku ya harusi, na atamshika mkono siku ya kujifungua.

Ila si kila mwanamke anaruhusiwa kufunua. Siku moja kabla ya sherehe, akina mama huketi kando ya moto kwa mwanamke mkubwa wa hapo, naye humwuliza kila mmoja swali moja tu: "Nani alikufunua?" Unamtaja. Kama yuko hai, anakuja anathibitisha. Kama ni marehemu, dada yake au binti yake anasimama badala yake. Asiye na jina la kutaja hamgusi msichana.

Jelagat alikuwa na jina. Lakini si jina la kutajwa kwenye ule moto.

Wiki mbili kabla ya safari, alikuwa uani kwake akisafisha vibuyu. Kazi yake ni kuuza mursik, yale maziwa mala yaliyotiwa mkaa wa mti, na vibuyu vyake vinajulikana kutoka Lanet hadi mjini. Alikuwa akisugua ndani kwa kijiti kirefu chenye moto kwenye ncha, moshi ukitoka kibuyuni kama kinavuta kiko. Abby alikuwa akivipanga juani.

"Mum," Abby akasema, "huyo shangazi wa Njoro alikufa mara ngapi?"

"Mara moja kama watu wote."

"Dad anasema presha. Kogo anasema ni pikipiki." Kogo ni bibi, mama yake Kiprugut.

"Alikuwa na presha akiwa juu ya pikipiki. Geuza hicho kibuyu."

Abby akakigeuza. "Kogo amepiga simu. Amesema uje na mtu wa kutoka kwa huyo shangazi, dada yake ama mtoto wake. Amesema ukikosa, ni Auntie Jebet atanifunua." Akaokota kibuyu kingine. "Mimi sitaki Auntie Jebet. Nataka wewe."

"Jebet ni mtu mzuri."

"Sijasema ni mbaya. Nimesema nataka wewe. Ama hutaki?"

Jelagat aliingiza kijiti kibuyuni akasugua, akasugua, mpaka moto wa ncha ukazimika na yeye bado anasugua.

Sasa, hadithi ya huyo shangazi ilianza hivi.

Miaka kumi na saba iliyopita, Jelagat alikuwa msichana wa Keringet wa miaka kumi na sita, mama yake ameshafariki, baba yake analima viazi. Waliingia ndani wasichana watano, Jebet akiwa mmoja wao. Wakati huo kisu kilikuwa bado kinapita kwa siri, na kilipita mwanzoni mwa Desemba. Habari ya hicho kisu Jelagat hajamwambia mtu, na hapa itatosha kusema kwamba kilimuumiza, bado kinamuumiza, na alipojifungua Abby daktari alimshona kwa muda mrefu huku akitikisa kichwa na kumwomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Mwalimu wao aliitwa Kogo Taprandich, mwanamke mkali ambaye jogoo wake mwenyewe alikuwa akikohoa kwanza, kuomba ruhusa, ndipo awike. Aliwafundisha wiki tano. Walibakiza siku chache watoke. Kisha uchaguzi ukaharibika, na vita vikapanda mlima.

Asubuhi moja moshi ulionekana ng'ambo ya mto, ukaonekana na upande wa huku, mpaka ikawa haijulikani nani anamchoma nani. Kogo Taprandich akawatoa wasichana nyuma ya nyumba.

"Kimbieni," akawaambia. "Ngozi isitoke usoni. Msiseme na mtu yeyote. Bado hamjawa watu wazima na si watoto tena, kwa hivyo hamna kwenu mpaka niwafunue. Nitawatafuta mmoja mmoja. Mkono wangu ndio utawafunua."

Hakuwafunua. Siku ya nne alifia njiani akielekea Bomet, kifua kimembana, Jebet na wengine watatu wamemzunguka. Hao wanne walifunuliwa mwaka uliofuata na mwalimu mwingine. Jelagat hakuwa nao. Kidonda chake kilikuwa kibichi, hakuweza kukimbia. Alifika kwenye shamba la pareto akaketi chini katikati ya maua, ngozi usoni, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Aliyemkuta pale ni Wawira.

Wawira, ambaye kila mtu alimwita Mama Kahiga, alikuwa Mkikuyu aliyelima viazi ng'ambo ya mto kwa miaka ishirini. Siku hiyo alikuwa anashuka barabarani na Biblia, sufuria, na kuku mmoja kwapani, na ule moshi nyuma yake ulikuwa wa nyumba yake. Alisimama. Alitazama kile kitu cha ngozi kikimtazama kwa matundu mawili.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Kimya. Msichana wa ndani hasemi.

"Uko na miguu?"

Kimya.

Mama Kahiga akamweka kuku chini, akamwinua Jelagat, akamshika kiunoni. Kuku aliwafuata nusu maili nzima kabla ya kukata tamaa.

Barabarani kulikuwa na lori la kubeba watu wa Mama Kahiga kuwashusha Nakuru. Watu waliokuwa juu yake walikuwa wametoka kupoteza nyumba, ng'ombe, na wengine wao waume. Msichana mwenye ngozi usoni angejulikana mara moja ametoka kwa nani. Na huko nyuma kulikuwa na vijana wa kabila lake wenye mishale ambao wangemuuliza anafanya nini na Mkikuyu.

"Toa hiyo kitu," Mama Kahiga akamwambia.

Jelagat akaishika kwa mikono miwili.

"Toa, mtoto! Watakuua nayo, na mimi pia!"

Jelagat akazidi kuishikilia. Mama Kahiga akampiga kofi, kisha akaivuta ile ngozi ikatoka na nywele kidogo. Akamshika mashavu. "Nyamaza ili uishi," akamwambia. "Umesikia? Nyamaza."

Hivyo ndivyo Jelagat alivyofunuliwa. Hakukuwa na wimbo, hakukuwa na siagi. Alifunuliwa kando ya barabara, kwa kofi, na mwanamke aliyekuwa akililia nyumba yake.

"Huyu ni wa dada yangu," Mama Kahiga akawaambia watu wa lori. "Ni bubu."

Na bubu akawa. Miezi mitatu walikaa kwenye hema pale uwanja wa maonyesho Nakuru, na Jelagat hakutoa neno. Kwanza kwa hofu. Halafu kwa sababu Kogo Taprandich alisema wasiseme na mtu, na huyo Kogo hakuwa mtu wa kuchezewa hata akiwa mbali. Mama Kahiga alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, hakuuliza kilitoka wapi, alifunga tu midomo yake na kuosha. Mafundisho yaliyokuwa yamebaki Jelagat aliyapata kwenye foleni ya unga: namna ya kugawa sahani moja kwa watu sita bila mtu kulia, namna ya kumjua mwanamume anayekuja na maneno matamu na mikono mirefu, namna ya kuamka asubuhi ukajifunga leso kama mtu ambaye nyumba yake bado ipo.

Mwezi wa nne baba yake akamfuata. Siku ya kuachana, Mama Kahiga alimwambia jambo moja. "Usimwambie mtu ulikuwa kwangu. Wa kwenu hawatapenda. Wa kwetu hawatapenda. Sisi wawili tunatosha kujua."

Basi baba yake akamtunga yule shangazi wa Njoro, akamweka mahali pa Mama Kahiga, na watu wa Keringet wakaridhika. Jelagat alikuja kufanya kazi za nyumba huko Milimani, mjini Nakuru, akaolewa na Kiprugut, akahamia Lanet. Na nani alikuwa amenunua kaploti Lanet pamoja na wenzake wa yale mahema? Mama Kahiga. Kila Jumapili Jelagat alimpelekea kibuyu cha mursik. Mama Kahiga husema inanuka moshi, kisha anakimaliza. Kiprugut na wakwe walimjua kama "yule mama wa kuku."

Lakini Jelagat alikuwa na jambo moyoni ambalo hata Jumapili halikumtoka. Wanawake wa kwao walimchukulia walichomchukulia, kwa kisu. Kile walichoahidi kumpa badala yake hawakumpa. Akipita mahali wanawake wazima wamekaa, miguu yake ilikuwa ikijisogeza pembeni yenyewe, kama ya msichana. Alikuwa na mume, na mtoto, na vibuyu arobaini, na bado kuna sehemu yake iliyokuwa imeketi kwenye pareto inangoja kuitwa.

Siku ya kuketi motoni ilifika. Jelagat alipanda Keringet na shangazi yake tayari mdomoni: shangazi alikuwa amekufa, na dada yake alikuwa amekufa, na binti yake yuko Uarabuni na hawezi kupewa ruhusa. Alikuwa ameyakariri njia nzima.

Moto ulikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake, Kogo Tapsubei, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake wa pale. Ilikuwa alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti. Wanawake walikuwa wameketi kwa duara, wazee kwa vijana. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na chumba, na ndani yake wasichana waliokuwa wameletwa kutoka ukumbini, wamefunikwa, kimya. Jelagat alisikia mmoja akikohoa. Mama hakosi kujua kikohozi cha mtoto wake.

Kogo Tapsubei akaanza. Mmoja akajibu. Mwingine akajibu. Jebet akajibu kwa sauti, akamtaja mwalimu wake, na mwalimu mwenyewe akaitikia kutoka kona. Kisha Kogo akageuka.

"Jelagat. Nani alikufunua?"

Jelagat akafungua mdomo amzike shangazi mara ya nne.

Kile kikohozi kikasikika tena, hapo nyuma ya mbao. Na ikamjia, si kama wazo, ni kama mtu aliyemshika bega: kila nilipomtaja huyo shangazi, nilikuwa ninamfuta mtu. Miaka kumi na saba nimemfuta. Na kesho nitamvua mwanangu ngozi kwa mkono unaofuta.

"Mama Kahiga," akasema.

Kuni zikapasuka motoni. Hakuna aliyezisogeza.

"Mama Kahiga gani?" Kogo Tapsubei akauliza.

"Wawira. Aliyekuwa ng'ambo ya mto hapa. Alinitoa ngozi siku ile ya moshi."

"Si ulisema ni shangazi?" Jebet akaruka.

"Hakukuwa na shangazi."

"Woi! Jelagat! Na mimi nilituma sukari kwa matanga yake!"

Mtu akacheka, akajizuia. Kisha kelele zikaanza. Mwanamke mmoja mzee akasema haiwezekani, huyo Wawira hajawahi kuwa ndani, hajui wimbo hata mmoja. Mwingine akasema basi Jelagat arudishwe ndani kwanza, afundishwe upya. "Na umri huu?" akauliza wa tatu. "Atavunja kitanda cha wasichana." Mwingine aliinama akatazama tu miguu yake mwenyewe.

Uso wa Kogo Tapsubei ulikuwa umebadilika tangu jina lile litajwe, lakini Jelagat alidhani ni hasira.

"Nyamazeni," Kogo akasema mwishowe. "Tunauliza nani alifunua. Hatujawahi kuuliza ni wa kabila gani, maana hatukuwahi kufikiri tutahitaji. Ngozi ilitoka kwa mkono wake. Basi yeye ndiye wa kusema. Aje hapa kesho kabla ya saa sita, aseme, na amalize alichoanza. Asipokuja, Jebet atamfunua mtoto." Akamtazama Jelagat. "Mpigie."

Jelagat akatoka nje, akasimama kando ya banda la ng'ombe, mahali simu inaposhika.

"Mama Kahiga."

"Sema, mama."

"Nimewaambia."

Upande wa pili kuku wakasikika. "Umewaambia nini?"

"Yote. Wanataka uje kesho, useme ni wewe. Usipokuja sitamfunua Abby."

"Wewe mtoto ni mjinga. Sikukuambia ni sisi wawili tu?"

"Uliniambia."

"Hiyo njia sijaipita tangu nishuke nayo kwa lori. Nikisikia tu mtu amesema Keringet kwa redio, ninazima redio."

"Najua, mama."

Mama Kahiga akapumua. "Kuna mtu ameingia kwa shamba yangu?"

Jelagat akatazama ng'ambo ya mto. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, akaona kijani. "Kuna viazi."

"Zimeota vizuri?"

"Zimeota vizuri."

Simu ikakatika. Alipiga tena ikawa imezimwa. Alikaa pale mpaka Jebet akaja kumtafuta, akamwekea shali mabegani, wala hakusema chochote kuhusu sukari.

Kesho yake watu walianza kukusanyika mapema. Viti vya plastiki vilipangwa, maspika yakafungwa mtini, sufuria zikapandishwa. Jelagat alikuwa amesimama langoni tangu asubuhi. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, pikipiki moja, imebeba soda. Saa tano Jebet alishaanza kunawa mikono, polepole, akimwangalia Jelagat kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma zaidi.

Saa tano na nusu pikipiki nyingine ikapanda. Nyuma yake alikuwa ameketi mwanamke mzee mwenye koti la kanisani, mkoba umebanwa magotini, macho yamefumbwa. Aliyafumbua pikipiki iliposimama.

"Boss, usiende mbali," akamwambia mwenye pikipiki. "Huenda nikatoka hapa mbio."

Akashuka. Akatazama ng'ambo ya mto kwa muda. Kisha akageuka akatazama nyumba ya Kogo Tapsubei, jikoni, banda la ng'ombe, moja baada ya nyingine, bila haraka. Jelagat akamshika mkono.

"Sijakuja kwa ajili yao," Mama Kahiga akamwambia.

"Najua."

Ndani, wanawake wakasimama. "Karibu, Mama Kahiga," Kogo Tapsubei akasema. "Keti."

"Nitaketi nikimaliza."

"Huyu, ulimfunua?"

"Nilimfunua. Kwanza nilimpiga kofi."

Kicheko kikaponyoka kwa mtu kwenye kona.

"Ngozi yake iko wapi?"

"Niliitupa mtoni tukipita darajani. Mtanisamehe, ilikuwa inanuka."

"Na ulimwambia maneno gani? Anayefunua husema."

Mama Kahiga akafikiri. "Nilimwambia, nyamaza ili uishi."

Wale wazee wakatazamana. Yule mzee aliyesema haiwezekani akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hayo ni maneno," akasema. "Hata mimi sikuambiwa maneno mazito hivyo."

Kogo Tapsubei akachukua kikombe cha siagi, akakinyoosha. "Basi mpake, umalize."

Mama Kahiga hakukipokea.

"Nyinyi mna swali lenu," akasema. "Mimi pia nina langu, nimelala nalo miaka yote hii. Sitauliza moto. Moto uliletwa na vijana, na vijana wengine wamekufa, wa kwenu na wa kwetu. Nauliza mabati. Nyumba yangu ilikuwa na mabati mapya. Mabati hayaishi kwa moto. Yalienda wapi?"

Huko nje spika ilikuwa inajaribiwa, moja mbili, moja mbili. Jelagat alitazama kivuli cha mlango, kilikuwa kimefupika. Saa sita ilikuwa inakaribia, na kile kikombe kilikuwa kimening'inia katikati ya wanawake wawili, na alijua sasa hakuna neno lake hata moja linaloweza kukisogeza.

Kogo Tapsubei akakiweka kikombe chini.

"Yako juu ya banda la ng'ombe wangu," akasema. "Nilienda mwenyewe, na punda, siku ya tatu. Hakuna aliyenituma. Yalikuwa bado ya moto, makaa chini yake." Akafungua kiganja cha kulia. Kulikuwa na kovu linalong'aa, kutoka kidole hadi kifundo cha mkono. Miaka yote Jelagat alikuwa ameambiwa ni chai.

"Nimejua," Mama Kahiga akasema. "Nimeyaona nikishuka. Mzee wangu aliyapaka rangi ya samawati ikamwishia katikati."

"Mlango wako uko kwa choo changu," akasema yule mwanamke aliyetazama miguu yake jana, akitazama chini tena.

"Viazi vilivyokuwa stoo tulivila," akasema mwingine. "Vyote."

"Vilikuwa vya mbegu," Mama Kahiga akasema. Sauti yake ikakatika hapo, akaishika tena. "Vilikuwa vya mbegu, nyinyi wanawake."

Kogo Tapsubei akasimama. "Nitayashusha leo. Sasa hivi. Niwaite vijana."

Mama Kahiga akageuka akatazama banda kupitia mlangoni.

"Una ng'ombe wangapi?" akauliza.

"Wanne. Na ndama."

"Mvua iko karibu. Wasinyeshewe. Kahiga atakuja mwezi wa kwanza na lori ayachukue. Na mlango." Akageukia wote. "Na shamba tutaliongea."

"Tutaliongea," Kogo Tapsubei akasema.

"Sijasema nimesamehe."

"Hujasema."

Ndipo Mama Kahiga akainama akaokota kikombe. Jelagat akapiga magoti mbele yake, pale kwenye udongo, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Vidole vya Mama Kahiga vikazama kwenye siagi, vikaja kichwani, vizito, vyenye harufu ya ng'ombe na moshi.

"Maneno yenu siyajui," akawaambia wale wazee.

"Sema yako."

Akainama mpaka mdomo ukafika karibu na sikio la Jelagat, lakini alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Jelagat. Toka. Ongea sasa."

Jelagat alitaka kuongea, na kilichotoka ni kilio, kile cha mtu aliyenyamazishwa akiwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyemwambia aache. Jebet alikuwa analia pia, na mikono yake iliyooshwa akaikunja kifuani, hana kazi nayo tena. Kisha wanawake wakaachia wimbo, ule wanaouimba msichana akitoka, na walimuimbia yeye wote, kwa duara, huku Mama Kahiga akiwa ameketi sasa kwenye kigoda cha Kogo Tapsubei mwenyewe, anapumzisha magoti, anauliza kama kuna chai isiyo na moshi.

Saa sita wasichana wakatolewa uani, wamepangwa mstari, ngozi usoni, watu wamejaa mpaka langoni. Wa nne alikuwa Abby. Jelagat alimjua kwa viatu. Akasimama mbele yake, siagi ikimshuka shingoni, akaishika ile ngozi kwa mikono miwili.

Kutoka ndani ya matundu ikasikika sauti ndogo, isiyotakiwa kusikika bado.

"Ni nani?"

"Ni mimi," Jelagat akasema, na sauti yake ikafika langoni.